Jinsi ya kuandaa jioni tano za filamu za Ousmane Sembène mjini Dodoma

Ousmane Sembène alikuwa mwandishi wa vitabu kabla hajawa mwongozaji wa filamu. Alizaliwa mwaka 1923 Ziguinchor, kusini mwa Senegali. Alifanya kazi ya uashi, akapigana Vita vya Pili vya Dunia katika jeshi la Ufaransa, kisha akawa kuli wa bandari kule Marseille. Riwaya zake zilisifiwa Ulaya, lakini wengi wa watu aliowaandika hawakujua kusoma Kifaransa. Kwa hiyo, akikaribia miaka arobaini, alikwenda Moscow kujifunza sinema. Basi unapotaka kuwaonyesha watu wa Dodoma kazi zake, jambo la kwanza la kuamua ni lugha. Mambo ya projekta na ukumbi yaje baadaye. Ukiwawekea Kiwolofu, lugha ya Senegali, kinachosemwa na maandishi ya Kiingereza yanayopita chini, umewarudisha kulekule alikotaka kuwatoa watu wake.

Mpangilio wa filamu

Jioni ya kwanza onyesha mbili pamoja: Borom Sarret (1963), ya dakika kama 20, juu ya mwendesha mkokoteni wa farasi mjini Dakar, kisha La Noire de... (1966), ya kama saa moja, juu ya Diouana, msichana anayehamishwa na mabwana zake kwenda kufanya kazi za ndani Ufaransa. Hii ya pili ndiyo iliyomletea tuzo ya Jean Vigo, tuzo ya filamu ya Ufaransa. Jioni ya pili weka Mandabi (1968), ya tatu Xala (1975), ya nne Camp de Thiaroye (1988), ya tano Moolaadé (2004). Camp de Thiaroye, aliyoiongoza pamoja na Thierno Faty Sow, ina zaidi ya saa mbili na nusu, kwa hiyo iangukie Jumamosi. Xala ni ya watu wazima: tajiri anaoa mke wa tatu na nguvu za kiume zinamtoka. Tangazo liseme hivyo mapema ili wazazi wasije na watoto.

Ceddo (1977) iache kwa mara nyingine. Ni filamu kubwa, lakini inagusa dini na utumwa kwa namna inayohitaji watazamaji waliokwisha kumzoea mwongozaji huyu.

Kabla hujaomba nakala, uliza ni toleo gani. Mandabi ilipigwa mara mbili, Kiwolofu na Kifaransa, nawe unataka ya Kiwolofu, maana ndiyo filamu yake ndefu ya kwanza kusemwa kwa lugha ya watu wake. Kumbuka pia kwamba kununua diski hakukupi haki ya kuionyesha hadharani. Mwandikie msambazaji, mweleze idadi ya watu, mahali na kama kuna kiingilio. Onyesho la bure la mtaani hupewa masharti mepesi, lakini lazima uombe.

Tafsiri

Njia ni mbili. Kwa wanafunzi wa UDOM au Chuo cha Mipango, maandishi ya Kiswahili chini ya picha yanatosha. Kwa mtaa wenye wazee na watoto, kama Chang'ombe au Nkuhungu, tumia watu wa kutafsiri kwa sauti, kama ilivyozoeleka kwenye vibanda vya video.

Ukichagua maandishi, tumia programu ya bure ya Subtitle Edit. Kila kipande kisizidi mistari miwili, kila mstari herufi zisizozidi 40 hivi, na kikae kwenye picha kati ya sekunde moja na nusu na sita. Kiswahili hurefuka kuliko Kiingereza, kwa hiyo punguza maneno, usipunguze muda. Hifadhi faili kwa UTF-8 (mfumo wa kuhifadhi herufi) na ulipe jina lilelile la faili la filamu ili VLC, programu ya kuchezea video, ilisome lenyewe. Kosa linalowasumbua wengi ni maandishi kuanza sawa kisha kuachana na sauti kidogokidogo. Sababu yake ni kasi: nakala za Ulaya mara nyingi hukimbia picha 25 kwa sekunde, na faili la maandishi limetengenezwa kwa picha 24. Katika saa moja tofauti hufika karibu dakika mbili na nusu. Kusogeza maandishi yote mbele au nyuma hakutasaidia. Badilisha kasi ya faili ndani ya programu.

Ukichagua sauti, tafuta watu wawili, mwanamume na mwanamke. Mawazo ya Diouana yasomwe na mwanamke. Wape maandishi yaliyokwisha kutafsiriwa, wayafanyie mazoezi mara mbili filamu ikiwa inakwenda, na wasiongeze vichekesho. Wakae pembeni wakiwa na skrini yao ndogo, mbali na spika ili maikrofoni isipige mluzi, na maikrofoni ivikwe sponji kwa sababu ya upepo. Sauti ya filamu ipunguzwe wanapozungumza, isizimwe. Hapo pasipo maneno, wanyamaze kabisa. Sembène aliacha ukimya makusudi, hasa katika dakika za mwisho za La Noire de..., na mtafsiri anayejaza ukimya huo ameiharibu filamu.

Mahali, upepo na vumbi

Panga kati ya Mei na Oktoba, mvua zikiwa zimekwisha. Juni na Julai usiku ni baridi, kwa hiyo watangazie watu waje na masweta na mablanketi. Adui mkubwa wa sinema ya nje Dodoma ni upepo. Shuka lililotundikwa kati ya nguzo mbili hujaa upepo kama tanga, picha inayumba na nguzo huanguka. Ukuta ni bora mara kumi. Tafuta ukuta laini wa shule au ofisi ya mtaa, omba ruhusa, upake rangi nyeupe isiyong'aa, upana wa mita 3 kwa urefu wa mita 2.

Upepo mwingi hutoka mashariki na kusini mashariki, kwa hiyo watu wakikaa upande wa magharibi wa ukuta, wenyewe unawakinga. Hasara yake ni kwamba mwanga wa magharibi baada ya jua kuzama unaangukia pale pale kwenye picha. Usianze kabla ya saa 1:20 usiku. Tumia muda huo kwa utangulizi.

Projekta iwe na mwanga wa lumeni 3,500 au zaidi. Nyingi za kawaida huhitaji umbali wa mara moja na nusu ya upana wa picha, yaani mita 4.5 kwa picha ya mita 3. Iinue juu ya meza imara ili vichwa visiikate. Filamu mbili za jioni ya kwanza zina umbo la karibu mraba, na pande mbili zitabaki nyeusi. Ziache hivyo. Ukivuta picha ijae ukuta, nyuso zinapanuka na kazi ya mpigapicha inapotea.

Kila jioni, kabla ya kuwasha, fungua kichujio cha hewa cha projekta na ukipanguse kwa brashi kavu. Kikiziba, mashine hupata joto na kujizima katikati ya filamu. Ukimaliza usichomoe waya mpaka feni isimame.

Projekta, spika mbili na kompyuta havifiki wati 1,000, hivyo jenereta ya kVA 2 inatosha. Iweke mita 30 nyuma ya jengo, upande ambao upepo hauleti sauti wala moshi kwa watu. Hata umeme wa TANESCO ukiwapo, pitisha projekta kwenye UPS, yaani betri ya akiba, kwa kuwa kuzimika ghafla huua taa yake. Spika ziwe pande mbili za picha, kimo cha mtu aliyesimama, besi ikiwa imepunguzwa.

Kuhusu kibali, nenda kwa afisa utamaduni wa jiji wiki tatu kabla, ukiwa na majina ya filamu na muhtasari wa kila moja. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 inahusu maonyesho ya hadharani. Mwenyekiti wa mtaa naye ajulishwe.

Utangulizi na mazungumzo

Utangulizi usizidi dakika tano, na usisome wasifu wote. Chagua jambo moja la maisha yake linalofungua filamu ya jioni hiyo. Kabla ya Camp de Thiaroye eleza kwamba yeye mwenyewe alikuwa askari wa jeshi la Ufaransa, na kwamba tarehe 1 Desemba 1944 Wafaransa waliwapiga risasi askari wao Waafrika waliokuwa wakidai malipo yao. Filamu hii ilipata tuzo maalumu ya majaji kwenye tamasha la filamu la Venice. Wazee ambao baba zao walipelekwa Burma na KAR, jeshi la Waingereza la askari Waafrika, watakuwa na mengi ya kusema. Wape nafasi ya kwanza.

Mandabi haihitaji maelezo mengi. Mzee Ibrahima Dieng anatumiwa hawala ya fedha na mpwa wake aliye Paris, na kila dirisha linamdai karatasi ambayo hana. Waulize watu nani amewahi kurudishwa hivyo, kisha sikiliza.

Moolaadé ndiyo inayohitaji maandalizi makubwa. Ilitwaa tuzo ya Un Certain Regard kwenye tamasha la filamu la Cannes, na ndiyo filamu yake ya mwisho. Alifariki mwaka 2007. Collé anawaficha wasichana wanne waliokimbia kukeketwa. Dodoma ni kati ya mikoa ambako ukeketaji ungali ukifanyika, kwa hiyo kati ya watazamaji wapo waliofanyiwa na huenda wapo wanaofanya. Mwalike afisa ustawi wa jamii na mama mmoja anayeheshimika mtaani, anayejua Kigogo na Kiswahili. Usimwombe mtu yeyote asimulie yaliyompata. Wanawake wakitaka kuzungumza peke yao, wawe na chumba chao. Andika namba 116, ya bure ya kusaidia watoto, kwa herufi kubwa kando ya mlango, na iachwe pale hata baada ya vifaa kufungwa. Waliokereka na filamu nao wasikilizwe hadi mwisho bila kukatizwa, na mwongozaji wa mazungumzo awajibu kwa yaliyomo ndani ya filamu: kamba aliyoifunga Collé mlangoni kuwalinda wasichana ni mila pia, na hakuna mzee kijijini aliyethubutu kuivuka.