Joto limeingia: kuivusha bustani ya mboga na maua mwanzoni mwa kiangazi

Wakulima wa bustani za nyumbani wakikutana mwanzoni mwa kiangazi, salamu hazijaisha wameshaanza kuulizana hali ya hewa. Kwako mvua imegusa? Usiku bado kuna ubaridi? Maharage yameota? Wana haki ya kuuliza, maana hizi ndizo wiki zenye ghilba kuliko zote. Mchana jua linawaka, usiku baridi inarudi kimyakimya, halafu siku moja inapiga mvua ya nusu saa yenye upepo na kulaza kila ambacho hakikufungwa. Utabiri wa hali ya hewa usikilize, lakini uamuzi wa kusia, kupandikiza au kumwagilia uuchukulie kwenye udongo, sentimita 5 hadi 10 chini, mizizi ilipo. Mwongozo huu wote umesimama hapo.

Hatua ya 1: Pima udongo kabla ya kushika mbegu

Chomeka kipimajoto cha udongo asubuhi, kabla jua halijapasha joto tabaka la juu. Maharage yanataka udongo wenye nyuzi 15 za Selsiasi au zaidi. Matango, maboga na zukini (boga dogo refu linaloliwa likiwa changa) yanataka 18 hivi kwenda juu. Chini ya hapo mbegu hunyonya maji, hukaa, huoza, na wewe unabaki kumlaumu aliyekuuzia. Huna kipimajoto? Fukua kidogo, weka kiganja. Usipoweza kukiacha dakika nzima bila kuhisi baridi, subiri. Mbegu iliyosiwa wiki mbili baadaye kwenye udongo wa vuguvugu mara nyingi huipita ile iliyotangulia kwenye baridi.

Hapo hapo pima na unyevu. Finyanga konzi ya udongo. Ukibaki donge linalong'aa maji, usiulime wala kuukanyaga, maana utashindiliwa na kukauka kuwa mgumu ambao mizizi haiwezi kuupenya. Donge likisambaratika ukiligusa kwa kidole, endelea na kazi.

Hatua ya 2: Zoesha miche jua na upepo

Mche uliokulia ndani au chini ya neti una majani laini. Ukiutoa moja kwa moja kwenye jua la mchana, majani hubabuka na kuwa meupe kama karatasi. Toa miche nje saa moja au mbili siku ya kwanza, kivulini, kisha ongeza muda na jua kidogo kidogo kwa siku 7 hadi 10. Watu wengi hukumbuka jua na kusahau upepo. Upepo ndio unaokausha majani upesi kuliko mizizi inavyoweza kuleta maji, kwa hiyo siku ya upepo mkali ihesabu kama siku ya jua kali. Punguza maji kidogo katika kipindi hiki, ila usifike mahali pa kuiacha miche ikanyauka.

Hatua ya 3: Pandikiza jioni

Jioni, au siku ya mawingu. Loweka miche vizuri saa moja kabla, jaza shimo maji, ngoja yazame, ndipo upande. Nyanya uizamishe hadi karibu na majani ya chini, kwa kuwa shina lake lililofukiwa huota mizizi mipya. Mche uliorefuka kupita kiasi unaweza hata kuulaza ubavuni ndani ya mfereji na kuacha kichwa tu nje. Usifanye hivyo kwa zukini, matango na letusi: hizo zipande kwa kina kilekile zilichokuwa nacho kwenye chombo.

Nafasi ni jambo la kuwa na roho ngumu. Nyanya sentimita 45 hadi 60, zukini sentimita 90. Ukitazama siku ile ya kupanda utaona ardhi imepotea bure. Usijaze.

Hatua ya 4: Mwagilia kwa kina, mara chache

Hapa ndipo bustani nyingi hupotea, na mara nyingi si kwa uhaba wa maji bali kwa namna yanavyotolewa. Kumwagilia kidogo kila siku hulowesha sentimita 2 za juu tu. Mizizi hufuata maji, kwa hiyo inabaki juu, na siku ya kwanza ya joto kali inaungua pamoja na tabaka hilo.

Kipimo cha kuanzia ni lita 25 kwa kila mita ya mraba kwa wiki, sawa na mvua ya milimita 25, ukiyatoa kwa mara moja au mbili. Udongo wa kichanga haushiki maji, hivyo gawa mara tatu. Udongo wa mfinyanzi hushika sana lakini hunywa polepole: mwaga, pumzika dakika 10, mwaga tena, la sivyo nusu inatiririka njiani. Vyungu havina sheria hii kabisa. Kwenye joto vinaweza kudai maji kila siku, na vidogo mara mbili.

Usimwagilie kwa ratiba. Ingiza kidole hadi fundo la pili. Pakiwa na unyevu, ondoka. Na usitishwe na majani ya maboga yanayolegea saa saba mchana. Mmea unajizuia kupoteza maji, na jioni husimama wenyewe. Ukiyakuta bado yamelegea asubuhi, hiyo sasa ni kiu ya kweli. Yakiwa yamelegea na udongo umelowa, acha maji kabisa utazame mizizi, huenda inaoza.

Muda mzuri ni asubuhi. Maji yanazama kabla ya joto, na majani yaliyorushiwa matone hukauka upesi, kwa hiyo ukungu hauna pa kuanzia. Kuna imani kwamba matone ya mchana huunguza majani kwa kukusanya jua. Kwa majani laini yasiyo na vinyweleo si kweli. Mchana unaachwa kwa sababu maji mengi hupotea hewani, lakini mmea unaokufa kwa kiu upe maji saa yoyote. Kinachounguza kweli ni maji yaliyolala ndani ya mpira uliokaa juani; yamwage pembeni kwanza hadi yatoke ya baridi. Elekeza maji kwenye shina, si kwenye majani.

Hatua ya 5: Tandaza

Baada ya kumwagilia kwa kina, na udongo ukiwa umeshapata joto, funika kwa majani makavu, nyasi zisizo na mbegu au mboji isiyosagika sana, unene wa sentimita 5 hadi 8. Acha duara la upana wa vidole vinne kuzunguka kila shina. Ukitandaza mapema mno unafungia baridi chini. Ukitandaza juu ya udongo mkavu unafungia ukavu, na mvua nyepesi haitafika. Magugu yang'oe kabla ya kutandaza.

Hatua ya 6: Funga nyanya, kisha ziache zitulie

Weka nguzo au vijiti siku ileile ya kupandikiza, kwa sababu ukichomeka baadaye unakata mizizi. Funga kwa kamba laini yenye umbo la namba 8, kitanzi kimoja kwenye kijiti na kingine kikiwa kimelegea kwenye shina.

Kwapani mwa majani hutoka machipukizi. Kwenye nyanya ndefu zinazoendelea kurefuka, yabandue yakiwa na urefu wa kidole kifupi, asubuhi kavu ili kidonda kifunge. Nyanya fupi za kichaka usiziguse; kwenye hayo matawi ndiko zitakakozaa. Soma pakiti ya mbegu ujue unayo ipi.

Maua ya nyanya hujichavusha, yanahitaji kutikiswa tu na upepo au nyuki. Siku zisizo na upepo gonga kijiti kidogo asubuhi umande ukishakauka. Joto la mchana likizidi nyuzi 32, au usiku usiposhuka chini ya 21 hivi, chavua hudhoofika na maua huanguka bila kuacha tunda. Hapo hakuna mbolea itakayosaidia. Neti ya kivuli cha asilimia 30 husaidia kiasi, unyevu wa kudumu chini husaidia, na mengine ni kungoja joto lipungue. Mbolea yenye nitrojeni nyingi wakati huu ndiyo hasa ya kuepuka: utapata msitu wa majani na tunda mojamoja. Matunda ya kwanza yakishashika, anza kulisha kwa mbolea yenye potasiamu zaidi.

Tunda likitokea na doa jeusi lililobonyea kitakoni, wengi hukimbilia kutafuta chokaa. Kweli tatizo ni kalsiamu kutofika kwenye tunda, lakini mara nyingi imo udongoni. Kinachokosekana ni maji ya kuibeba, kwa kuwa yanakuja leo na kukatika kesho. Toa yaliyoharibika, rudi hatua ya 4, na mikungu inayofuata kwa kawaida huja safi.

Hatua ya 7: Tambua ua dume na ua jike

"Zukini zangu zinatoa maua tu, hazizai." Kila mwaka. Maua dume hutangulia, mara nyingi wiki moja hadi mbili. Yana kijiti chembamba chini. Ua jike lina tunda dogo nyuma yake tangu halijafunguka. Likianza kuwa la njano na kuoza nchani, halikuchavushwa. Zukini na maboga hufungua alfajiri na kufunga kabla ya adhuhuri, kwa hiyo nenda asubuhi, chuma ua dume, bandua petali zake, paka chavua katikati ya ua jike. Dume moja linatosha majike kadhaa.

Hatua ya 8: Kata maua ili yazidi

Maua ya msimu yana lengo moja, kutoa mbegu. Ukiyanyima mbegu yanajaribu tena. Zinia, kosmosi na marigoldi zikikauka vichwa, kata chini kabisa hadi juu ya jozi ya majani yenye vichipukizi. Kuchuma kichwa peke yake kunakuachia vijiti vitupu. Mapema zaidi, zinia ikifika sentimita 25 hivi, kata ncha juu ya jozi ya tatu au ya nne ya majani. Inauma kukata mmea wenye afya, ila utapata matawi manne badala ya moja. Mrehani nao uufanyie hivyo hivyo, na kila unapoonyesha maua ukate, kama shida yako ni majani.

Zinia za kuweka ndani ya nyumba zina mtihani wake. Shika shina sentimita 20 chini ya ua, tikisa. Shingo ikipinda, bado. Itanyauka kwenye chombo ndani ya siku. Ikisimama kidete, kata.

Panda maua katikati ya mboga, usiyatenge mbali kwa ajili ya mapambo peke yake. Nyuki wanaokuja kwa kosmosi ndio watakaopita kwenye zukini. Marigoldi husifiwa kuliko inavyostahili: inaweza kupunguza minyoo fundo (minyoo midogo mno inayovimbisha mizizi) udongoni, lakini ipandwe kwa wingi, eneo zima, msimu mzima. Miche miwili pembeni mwa nyanya ni urembo.

Hatua ya 9: Pindua majani

Kila baada ya siku mbili tatu, pindua majani machache na uangalie ncha changa. Vidukari hukaa hapo. Ukiona sisimizi wamepanga foleni kwenye shina, fuata msafara. Wanalinda vidukari kwa ajili ya ule utomvu mtamu ambao vidukari hutoa. Vidukari waoshe kwa maji ya kasi, rudia kesho. Vijitone vidogo vya njano kwenye majani ya maharage na utando mwembamba chini yake ni utitiri, ambaye hupenda joto kavu. Naye muoshe kwa maji, upande wa chini wa majani.

Kabla ya kuua chochote kijifunze. Kuna mdudu mweusi mwenye madoa ya rangi ya chungwa anayetembea juu ya majani kama mamba mdogo. Ni mtoto wa mdudu kibibi, na anakula vidukari kwa pupa. Dawa ya kupulizia ingemuondoa yeye kwanza na kuwaacha vidukari wakizaliana. Na kwenye maua yaliyofunguka usipulize dawa ya wadudu kamwe.

Hatua ya 10: Chuma kabla hujatamani, kisha sia tena

Zukini ichume ikiwa sentimita 15 hadi 20. Maharage mabichi kila siku 2 au 3, kabla punje hazijavimba, na majani yakiwa makavu, maana mikono yenye maji husambaza magonjwa kutoka mche hadi mche. Ganda moja lililoachwa likomae huuambia mmea kazi imekwisha.

Maharage sia mstari mfupi mwingine kila wiki 2 au 3. Letusi ni ngumu zaidi: siku ndefu na joto huifanya irefushe shina kutafuta maua na majani kuwa machungu, na udongo ukipita nyuzi 27 hivi mbegu za aina nyingi hukataa kuota. Chagua mahali penye kivuli cha mchana, nyuma ya maharage kwa mfano. Lowesha udongo jioni kwa maji ya baridi, tawanya mbegu, funika kwa vumbi jembamba tu la udongo kwani zinapenda mwanga, kisha tandika gunia lililolowa juu. Chungulia asubuhi na jioni. Chipukizi la kwanza likionekana, ondoa gunia jioni hiyohiyo. Ukilala nalo siku mbili zaidi, miche itakuwa imerefuka na kulegea.