Kuondoa mikwaruzo ya utando wa buibui na kung'arisha pikapu kubwa nyeusi

Pikapu nyeusi ikiegeshwa kivulini huonekana haina kasoro, lakini ikitolewa juani saa saba mchana boneti yote hujaa mistari myembamba inayouzunguka mwanga wa jua, ambayo mafundi wengi huiita utando wa buibui. Mistari hiyo kwa kweli haikuchorwa kwa duara. Ni mikwaruzo midogo iliyoelekea kila upande, na jicho huona ile tu iliyolala kukingama na mwanga. Ndiyo maana ukisogeza kichwa, duara nalo husogea. Gari jeupe huwa na mikwaruzo ileile, ila weupe huificha, ilhali juu ya rangi nyeusi kila ukingo wa mkwaruzo hurudisha mwanga mahali ambapo pangepaswa kubaki giza.

Mwongozo huu umeandikwa kwa kufuata kazi ya Toyota Hilux nyeusi ya dabo kebini, gari lenye urefu wa takriban mita 5.3, kwa mazingira ya Dar es Salaam, yaani joto, vumbi, chumvi ya pwani na maji ya kisima. Pikapu nyingine za ukubwa huo hazina tofauti kubwa, mradi uzingatie jambo moja tangu mwanzo: kung'arisha ni kupunguza. Rangi ya kiwandani, kuanzia praima hadi tabaka la juu lisilo na rangi ambalo mafundi huliita klia, kwa kawaida huwa na unene wa mikroni 100 hadi 150, na klia peke yake huwa mikroni 35 hadi 50 hivi. Mikwaruzo huondoka kwa sababu unaisawazisha klia mpaka karibu na kina cha mikwaruzo yenyewe, na kilichoondolewa hakirudi. Kwa hiyo fundi mzuri hupimwa kwa jinsi alivyopata mng'ao kwa kukata kidogo kabisa.

Hatua ya kwanza: mahali na mwanga

Fanya kazi chini ya paa, mahali pasipo na upepo wa vumbi, na uanze asubuhi. Bati jeusi lililokaa juani hupata moto kiasi cha kutoshikika, na polishi ikiwekwa juu yake hukauka kabla haijafanya kazi. Kipimo rahisi ni mgongo wa mkono: ukiulaza juu ya boneti na usihisi joto, unaweza kuanza. Tafuta pia tochi au taa ya LED yenye mwanga mkali, kwa sababu taa ndefu za dari hutawanya mwanga na kuficha mikwaruzo.

Hatua ya pili: kuosha na kusafisha rangi kwa kina

Sehemu kubwa ya mikwaruzo unayotaka kuiondoa ilitokana na uoshaji, hasa dodoki moja linalopita kwenye matairi kisha kwenye milango, ndoo moja inayohudumia magari matano, na kitambaa kikavu kinachofuta vumbi. Usiianze kazi kwa kosa hilohilo. Tumia mashine ya presha kwanza, ukianzia kwenye madongo ya matairi, chini ya bodi na sehemu za chini za milango, mpaka matope yaondoke bila kuguswa. Udongo mwekundu wa barabara za vumbi una chembe za mchanga ambazo hukwaruza klia mara tu unapozisugua.

Baada ya hapo osha kwa ndoo mbili, moja ya shampuu ya gari na nyingine ya maji matupu ya kusuuzia glavu ya mikrofaiba, kutoka paa kushuka chini, na uwe na glavu ya pili kwa ajili ya sehemu za chini pekee. Sabuni ya unga ya kufulia haifai, kwani ni kali, huondoa waksi yote na huzifanya plastiki nyeusi zipauke.

Gari likiwa bado na maji, nyunyiza dawa ya kuyeyusha chembe za chuma zinazotoka kwenye breki. Hubadilika kuwa zambarau inapogusana nazo, na mara nyingi rangi hiyo hutiririka zaidi kwenye mlango wa nyuma wa bodi na nyuma ya magurudumu. Isuuze kabla haijakauka. Lami huondolewa kwa dawa yake, si kwa kukwangua kwa kucha. Kisha pitisha udongo maalumu wa kusafishia rangi, ukiwa umelowesha uso kwa maji ya shampuu, kwa kusogeza taratibu bila kukandamiza. Mwanzoni utausikia ukikwaruza na kushikashika. Uso ukiwa safi, udongo huteleza kimyakimya. Kipande kikianguka chini, kitupe, kwa kuwa hakuna namna ya kukisafisha mchanga uliokiingia.

Kausha kwa taulo kubwa nene la mikrofaiba kwa kulilaza na kulivuta polepole, kisha puliza hewa kwenye vishikio vya milango, vioo vya pembeni na maungio ya bodi. Maji yakibaki humo hutoka baadaye katikati ya kazi, na maji ya kisima yenye chumvichumvi yakikaukia juu ya rangi nyeusi huacha madoa meupe.

Hatua ya tatu: kupima na kuamua

Ukiwa na kipimo cha unene wa rangi, pima kila kipande cha bodi katika sehemu kadhaa. Vipimo vinavyokaribiana kati ya mikroni 100 na 150 vinaashiria rangi ya kiwandani. Vikipanda kupita 200 kipande hicho huenda kilipigwa rangi upya, na vikiwa mamia mengi, chini yake kuna puti. Kinachokupasa kukiogopa zaidi ni kipimo kilicho chini sana kuliko vya jirani zake, kwa maana mtu mwingine amekwisha kukata hapo kabla yako. Bampa za plastiki hazipimiki kwa kipimo cha kawaida cha chuma, basi zishughulikie kwa upole.

Angalia pia namba ya rangi kwenye kibandiko au kibati cha taarifa za gari, katika mstari ulioandikwa C/TR. Namba 202 ni nyeusi tupu, na 218 ni nyeusi yenye chembe za kumetameta. Nyeusi ya 202 inajulikana kwa ulaini wake: mikwaruzo huondoka upesi, lakini nayo hukwaruzika upesi, hata kwa kitambaa unachofutia polishi. Katika baadhi ya magari ya zamani yenye rangi hiyo hakuna klia kabisa. Sponji yako ikigeuka nyeusi mara tu unapoanza, unaling'arisha tabaka la rangi lenyewe. Hilo halizuii kazi, ila usidhani kwamba umeharibu kitu.

Mkwaruzo unaoshika ukucha unapopitisha kidole umeshuka chini mno. Uache. Unaweza kuzilainisha kingo zake ili usionekane sana, lakini kuufuata hadi mwisho ni kuimaliza klia, na jua la pwani litakamilisha kazi hiyo kwa kuibabua na kuichubua.

Hatua ya nne: kuziba

Bandika tepu ya karatasi ya wapiga rangi kwenye raba za madirisha, nembo, mapindo makali ya bodi na plastiki zote zisizopigwa rangi. Pikapu huwa na plastiki nyingi za namna hiyo: miguu ya vioo, matao ya magurudumu, ukingo wa juu wa bodi ya mizigo. Polishi ikiingia kwenye vinyweleo vyake hukauka nyeupe, na kuiondoa huchukua muda mrefu kuliko kubandika tepu. Kwenye mapindo ya bati rangi huwa nyembamba zaidi, na hapo ndipo mashine hufika chini haraka.

Hatua ya tano: eneo la majaribio

Hatua hii ndiyo inayoamua kazi nzima, na ndiyo ambayo mafundi wenye haraka huiruka. Chagua eneo la sentimita 50 kwa 50 kwenye boneti, ulizungushie tepu, na ujaribu njia laini kabisa kwanza.

Kwa rangi nyeusi napendekeza mashine ambayo sponji yake huzunguka huku ikiyumba, yenye mwendo wa milimita 15 au 21. Mashine ya kuzunguka tu hukata haraka, lakini mikononi mwa asiyeizoea huacha vivuli vyenye umbo la mkia wa moto vinavyoonekana juani, na hupandisha joto hatari kwenye mapindo. Nimeona pikapu nyingi nyeusi zilizotoka kwenye gereji ziking'aa usiku, kisha asubuhi zikaonyesha njia yote aliyopita fundi.

Weka sponji ya kumalizia na polishi laini. Sponji ikiwa mpya, ipake polishi uso mzima kwa wembamba, kisha ongeza matone manne yenye ukubwa wa punje ya kunde. Igusishe kwenye rangi mashine ikiwa imezimwa, iwashe kwa kasi ya chini ili isambaze, halafu panda hadi kasi ya nne au ya tano. Isogeze polepole, karibu sentimita mbili na nusu kwa sekunde, kwa mistari inayopandana nusu kwa nusu, kwanza kwa mlalo kisha kwa wima, na uhesabu kila mara unapolimaliza eneo lote. Mara nne hadi sita zinatosha. Uzito wa mashine pamoja na mkono wako unaoiongoza unatosha pia. Ukikandamiza, sponji huacha kuzunguka na kubaki ikitetemeka tu. Chora mstari wa kalamu ya wino mzito pembeni mwa sahani inayoshikilia sponji ili uone kama bado inazunguka.

Futa mabaki kwa mikrofaiba safi, kisha nyunyizia alkoholi ya isopropili iliyochanganywa na maji kwa kiwango cha asilimia 10 hadi 15 na ufute tena. Maji yawe yale yaliyotoneshwa, ambayo kwetu huuzwa kama maji ya betri ya kuongezea. Soma chupa vizuri, kwani tindikali ya betri huuzwa rafu ileile. Lengo la alkoholi ni kuondoa mafuta ya polishi ambayo hujaza mikwaruzo na kukudanganya. Sasa mulika kwa tochi, karibu na mbali, na utazame mpaka wa tepu: upande mmoja utando, upande mwingine giza safi.

Mikwaruzo ikiwa imebaki, badilisha kitu kimoja tu kwa wakati. Weka sponji ya wastani kwa polishi ileile. Isipotosha, ndipo uchukue kompaundi, yaani polishi kali inayokata zaidi. Utaratibu huo ndio utakaokuambia kilichosaidia. Hatua moja ya kurekebisha kwa sponji ya wastani huondoa mikroni moja hadi tatu hivi, kwa hiyo hakuna sababu ya kuanza na pedi ya sufi (manyoya ya kondoo) na kompaundi kali kwa hofu tu kwamba polishi laini haitafaa.

Hatua ya sita: gari zima

Ukishapata mchanganyiko unaofaa, usiubadilishe ovyo. Ligawe gari katika vipande vya ukubwa wa eneo la majaribio, uanze na paa kwa kusimama kwenye ngazi imara, ukiwa umeutupia waya wa umeme begani ili usiburuzike kwenye rangi. Ubavu wa bodi ya mizigo ni mpana na hauna mapindo mengi, na kwa sababu hiyo hushawishi mtu kufanya eneo kubwa kwa mkupuo mmoja. Matokeo yake ni mabaka yasiyolingana. Kwenye nguzo za milango, chini ya vioo na kuzunguka kishikio cha mlango wa nyuma wa bodi tumia sponji ndogo ya milimita 75.

Safisha sponji kwa brashi au hewa ya kompresa baada ya kila eneo, na uibadilishe ikianza kulegea au kupata moto. Kwa pikapu nzima andaa sponji sita hadi nane. Vitambaa navyo vikunje mara nne na ugeuze upande mara kwa mara, na kilichodondoka chini kisirudi kwenye rangi siku hiyo.

Hatua ya saba: kumalizia

Kama ulitumia kompaundi, rangi nyeusi itabaki na ukungu wa kijivu hata kama mikwaruzo imeondoka. Rudia gari zima kwa sponji laini kabisa na polishi ya kumalizia, kwa kasi ndogo kidogo na mkono mwepesi. Kwenye nyeusi laini ukungu huo wakati mwingine hugoma. Punguza kiasi cha polishi, safisha sponji mara nyingi zaidi, na upunguze mara za kupita. Kisha litoe gari juani na ulizunguke lote kabla hujaliwekea kinga yoyote, kwa sababu jua huonyesha vivuli ambavyo tochi haikuvionyesha.

Hatua ya nane: kinga

Futa gari zima kwa alkoholi, kisha uchague. Waksi ya kanauba, inayotokana na majani ya mti wa Brazili wa jamii ya mitende, huipa nyeusi kina kizuri sana, lakini kwa joto letu haidumu sana. Kinga ya kutengenezwa kiwandani hukaa miezi kadhaa, na ni chaguo la busara kwa gari la kazi. Kinga ya seramiki hukaa zaidi, ila ina masharti: eneo dogo kwa wakati, kufuta kabla haijakaza, na kutoloweshwa na maji kwa saa 24 angalau. Kwenye joto na unyevu wa pwani hukaza upesi, na ikiachwa na mabaka yaliyoganda utalazimika kuyaondoa kwa polishi. Seramiki haizuii mikwaruzo ya dodoki chafu, hata kama muuzaji ameahidi hivyo.

Ukimkabidhi mwenye gari, mpe pia glavu na taulo, na umwambie kwamba akiliosha nje, vijana wapige presha na shampuu tu, wasilifute. Vumbi la safari lisipanguswe kikavu, na kinyesi cha ndege kiloweshwe na kiondolewe siku hiyohiyo, maana juu ya boneti nyeusi yenye moto huanza kuila klia baada ya saa chache.