Somo: Kufundisha kuhama kwa wanyama kwa vitabu vya picha

Vitabu vingi vya picha vya somo hili vimetungwa Ulaya. Baridi inaingia, ndege wanaondoka, ukurasa wa mwisho ni anga tupu. Lakini wengine kati yao huja kwetu! Mtoto wa Malindi anawaona kwenye matope ya mdomo wa Mto Sabaki. Kwa hiyo mimi huanzia pale kitabu kinapoishia.

Hatua ya 1. Chagua kitabu chenye ramani, kinachomwonyesha mnyama jinsi alivyo. Ndege aliyevishwa kofia mwache kwa hadithi za usiku.

Hatua ya 2. Funika maandishi kwa karatasi, watoto wasome picha. Hapa usiwe na haraka. Mtoto mmoja wa gredi ya pili aliweka kidole kwenye mdomo wa kitwitwi, ndege mdogo wa matopeni, uliopinda kwa chini kama ncha ya sindano ya magunia, akauliza, "Mizigo yake iko wapi?" Sikuwa nimeandaa swali zuri kama hilo. Mzigo wake ni mafuta: kabla ya safari hula mpaka akanenepa, na mafuta hayo ndiyo masurufu yake ya njiani.

Hatua ya 3. Tandaza ramani sakafuni. Vuta uzi kutoka Siberia, wanakozaliana vitwitwi hao, hadi Malindi, kisha urudishe ulikotoka. Huanza kufika Agosti, na ikifika Mei wengi wameshaondoka. Kurudi usikuruke, maana mtoto akisikia "kuhama" anawaza kuhama nyumba. Mwambie ni kama majahazi ya zamani: yalikuja na kaskazi, yakarudi na kusi.

Hatua ya 4. Wapeleke Sabaki maji yanapoanza kujaa, kwa kuwa yanawasogeza ndege karibu. Kitabu mkononi, walinganishe miguu na midomo.

Maswali ya wanachama

Shikamoo mwalimu. Niko Lamu, kitabu changu ni cha nyumbu. Watoto hawajawahi kumwona.
Marahaba. Anza na kasa. Jike hurudi kutaga katika pwani za eneo alikoanguliwa, hata baada ya miaka 20 au zaidi. Wakishaelewa, fungua nyumbu: zaidi ya milioni moja, wakifuata mvua na majani kati ya Serengeti na Masai Mara.

Nina nakala moja, watoto 50.
Usikiinue mbele ya darasa zima. Wa nyuma hawaoni kitu. Wakae mkekani sita sita, wengine wachore ramani kwenye manila, kisha wapokezane.

Kitabu ni cha Kiingereza. Nitafsiri kila sentensi?
La. Simulia picha kwa Kiswahili chako, Kiamu kikiwa ndicho cha nyumbani. Mtoto akimtaja ndege kwa Kigiriama, andika jina hilo kwa penseli chini ya picha, na umwache aliyelitaja awafundishe wenzake kulitamka.