Timu ya kweli au nguvu za soda? Namna ya kuisoma timu ya kikapu yenye kocha mpya

Kila mwisho wa Oktoba, ligi ya kikapu ya Marekani, NBA, ikifunguliwa, hapa kwetu Langoni, Lamu, hupatikana bingwa kabla msimu haujatimiza wiki mbili. Timu iliyokuwa hoi mwaka jana imeajiri kocha mpya, imeshinda mechi tano mfululizo, na vijana wa boti za Mokowe washaivika taji huku chai iko mkononi. Mie napika mahamri na mbaazi. Mechi za Marekani huchezwa saa zile zile ninapokanda na kuchoma, simu nimeiegemeza kwenye mkebe wa iliki, kwa hiyo swali huletwa kwangu: "Da, hawa wa kweli au nguvu za soda?" Jibu langu ni refu kuliko subira ya mtu mwenye njaa, ndiyo maana nimeliandika.

Anza na saa, maana wengi hupotea hapo. Mechi ya saa moja na nusu jioni kule New York, kwetu ni saa nane na nusu usiku. Jumapili ya kwanza ya Novemba Wamarekani hurudisha saa zao nyuma, basi inakuwa saa tisa na nusu. Za Los Angeles na San Francisco huanza saa kumi na moja na nusu alfajiri, na baada ya mabadiliko hayo ni saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mtu anayeswali alfajiri msikitini anaweza kuzitazama bila kujinyima usingizi wowote.

Ukishindwa kuamka, si neno. Ila usiijue timu kwa vile vipande vya dakika kumi vinavyowekwa mtandaoni. Vile huonyesha mitupo iliyoingia, na hakuna timu mbovu duniani ukishaificha mitupo iliyokosa. Afadhali utazame robo ya tatu peke yake, nzima, bila kurukisha. Watano wa mwanzo wamerudi uwanjani, kocha ametoka kukaa nao mapumzikoni, na lile analolitaka hasa huonekana kabla uchovu na mabadiliko ya benchi hayajalivuruga. Kwa mwenye bando la kuhesabu, robo ya tatu na jedwali la takwimu za mechi vinatosha.

Amerithi nini?

Kabla hujahesabu ushindi, rudi nyuma uangalie timu ilimalizaje msimu uliopita. Steve Kerr alipoichukua Golden State Warriors mwaka 2014 kutoka kwa Mark Jackson, alipokea timu iliyoshinda mechi 51 kati ya 82, na Stephen Curry na Klay Thompson wakiwamo. Walianza kwa kushinda 21 na kupoteza 2, wakamaliza na ushindi 67, wakaifunga Cleveland mechi nne kwa mbili kwenye fainali. Kenny Atkinson naye alipoingia Cleveland mwaka 2024 alikuta timu ya ushindi 48. Ikashinda mechi 15 za kwanza bila kuangusha hata moja, ikafika 64. Watu walishangaa mara zote mbili, lakini wachezaji walikuwapo tayari. Kilichokosekana ni mtu wa kuwatumia kwa namna nyingine.

Sasa iweke pembeni yao Utah Jazz ya mwaka 2022. Kiangazi kile waliwaachia Rudy Gobert na Donovan Mitchell waende, wakamleta Will Hardy, kocha kijana, na kila mtu akajua msimu huo ni wa kupoteza. Wakashinda 10 kati ya 13 za mwanzo. Wakamaliza na ushindi 37 kwa vipigo 45, nje ya mchujo, yaani ile hatua ya mtoano baada ya mechi 82. Hata hivyo si kila kitu kilikuwa uongo: Lauri Markkanen, waliyempata kwa kubadilishana na Mitchell, aliendelea kuwika mpaka mwisho na akapewa tuzo ya mchezaji aliyepiga hatua zaidi. Hili ndilo ninalotaka ulishike. Ndani ya mwanzo mmoja wa kushangaza kuna cha kudumu na cha kupita, na kazi yako ni kuvitenga, si kuiamini timu yote au kuikataa yote.

Kanuni hii ya kutazama alichorithi kocha ina watoro wake. Phoenix Suns ya Jeff Hornacek, msimu wa 2013-14, ilitoka ushindi 25 hadi 48 bila nyota anayetajika kila kona ya dunia. Ilikuwa timu ya kweli, na bado ikakosa mchujo kwa sababu kanda ya magharibi mwaka ule ilijaa vigogo. Kwa hiyo usipime ukweli wa timu kwa kama iliingia mchujo au la.

Pointi tatu, hapa ndipo pa kukaa

Chukua daftari. Langu lina madoa ya mafuta lakini linasomeka. Kila mechi andika mambo mawili kutoka kwenye jedwali: timu yako imetupa pointi tatu ngapi, yaani ile mitupo ya mbali, na ngapi zimeingia, kisha wapinzani wametupa ngapi na ngapi zimeingia. Baada ya mechi kumi jumlisha, tafuta asilimia.

Siku hizi wastani wa ligi nzima uko kwenye asilimia 36 hivi. Tuseme timu yako hutupa pointi tatu 35 kwa mechi na imeingiza asilimia 42. Tofauti ya asilimia sita katika mitupo 35 ni mitupo miwili na ushei, yaani pointi sita kila mechi. Pointi sita! Timu inayowazidi wenzake kwa wastani huo huhesabiwa miongoni mwa wakubwa. Kumbe yawezekana ni timu ya kawaida kabisa ambayo mipira yake imekubali kuingia kwa wiki tatu, na kocha anasifiwa kwa jambo ambalo hata yeye hana mkono nalo. Asilimia ile itashuka. Haitashuka kwa sababu wamelegea, itashuka kwa sababu hakuna timu inayotupa hivyo kuanzia Oktoba hadi Aprili.

Upande wa wapinzani ndio watu wasioutazama kabisa. Mlinzi anaweza kumkimbilia mtupaji, anaweza kumnyima nafasi ya kutupa, lakini mpira ukishatoka mkononi, kuingia au kukosa si shauri lake tena. Basi ukiona wapinzani wameingiza asilimia 30 tu kwa mechi kumi, usikimbilie kusema kocha mpya ameleta ulinzi wa chuma. Tazama wametupa ngapi. Idadi ikiwa ndogo, hapo kocha amefanya kazi. Idadi ikiwa kubwa na zinakosa tu, wamepona, na siku ya kulipa ipo.

Siku ile ilikuja kwa Cleveland usiku wa kuamkia tarehe 20 Novemba 2024. Walikuwa 15 kwa 0, wakaenda Boston, wakafungwa 120 kwa 117. Asubuhi akaja nahodha mmoja kijana wa boti, mwenye deni langu la mbaazi, akiwa na furaha isiyo na adabu.

"Soda imekwisha, Da!"

"Kaa kwanza. Boston wamefunga pointi tatu ngapi?"

"Ishirini na mbili, nafikiri."

"Nyumbani kwao au ugenini?"

"Kwao."

"Na wameshinda kwa ngapi?"

Akanyamaza akauma hamri. Mabingwa watetezi, uwanjani kwao, wamefunga pointi tatu 22 na bado mechi imekwisha kwa tofauti ya pointi tatu. Mie kipigo kile kilinifanya niwaamini Cleveland zaidi ya ushindi wote wa wiki zile. Ni kweli kwamba Mei walitolewa na Indiana mechi nne kwa moja raundi ya pili, na majeruhi hawakukosekana, lakini hiyo ni habari ya mchujo. Mwanzo wao ulikuwa umeshasema kweli kwa mechi 82.

Mkono wa kocha unaonekana wapi

Unaonekana kwa nani anacheza, dakika ngapi, na mpira unaanzia kwa nani. Hayo hayabadiliki kwa bahati. Andika watano wanaoanza, halafu andika watano waliopo uwanjani dakika tano za mwisho mechi ikiwa bado haijaamuliwa. Orodha hizi mbili zikitofautiana, amini ya pili. Ya kwanza huwa na heshima za watu ndani yake: mkongwe, mwenye mshahara mkubwa, aliyeahidiwa. Ya pili ni moyo wa kocha.

Kerr alimweka benchi Andre Iguodala, mtu ambaye hakuwahi kuanzia benchi mechi hata moja katika maisha yake ya NBA, akamwanzisha Harrison Barnes. Uamuzi kama ule mwezi wa kwanza wa msimu unakwambia kwamba wachezaji wamemkubali kocha, kwa sababu timu isiyomkubali ingekuwa na maneno magazetini kufikia Novemba. Iguodala alirudishwa kuanza katikati ya fainali, mechi ya nne, na akachaguliwa mchezaji bora wa fainali zenyewe. Draymond Green ni hadithi nyingine. Alianza kwa sababu David Lee alikuwa ameumia paja. Lee alipopona, nafasi haikuwapo tena. Hapo nusu ni kocha na nusu ni majaliwa, na wewe andika hivyo hivyo daftarini, "nusu", usimpambe kocha kwa lisilo lake.

Kwa Atkinson ilionekana kwa dakika. Nyota wake, Donovan Mitchell, alichezeshwa kidogo kuliko zamani, na Evan Mobley, mtu mrefu aliyezoea kungojea pasi, akaanza kupanda na mpira mwenyewe. Nyota anapokubali kupunguziwa dakika huku timu inashinda, na bado anacheka benchi, mwanzo huo una miguu.

Mambo mawili ya haraka. Ratiba: tazama ni mechi ngapi zimechezwa nyumbani, na ni wapinzani wangapi walikuwa bila nyota wao usiku ule. Mechi za kubanana: timu iliyoshinda saba kwa tofauti ya pointi tatu au nne isihesabiwe sawa na iliyoshinda saba kwa kumi na tano, maana zile za kubanana zingeweza kwenda upande wowote.

Na wanaoanza vibaya, au vizuri kwa ubaya

Detroit Pistons walimwajiri Monty Williams mwaka 2023 kwa mkataba mnono kuliko wa kocha yeyote wakati ule. Walishinda mbili kati ya tatu za kwanza, mji ukafurahi. Kisha wakapoteza 28 mfululizo, wakamaliza na ushindi 14. Mechi tatu si kitu, jamani, hata ukizipenda vipi. Mwaka uliofuata akaja J.B. Bickerstaff, yule yule aliyefukuzwa na Cleveland, akawafikisha 44.

Kinyume chake ni Cleveland ya David Blatt, 2014-15. LeBron James amerudi nyumbani, kocha ni mgeni wa NBA, na katikati ya Januari wako 19 kwa 20. Wakati huo huo LeBron alikuwa nje wiki mbili akiuguza mwili, na J.R. Smith, Iman Shumpert na Timofey Mozgov ndiyo kwanza wamewasili. Wakamaliza 53 kwa 29 na kufika fainali. Timu iliyokusanya watu wapya wengi kwa mpigo ipewe muda mrefu zaidi kuliko ile iliyobadilisha kocha tu.

Na Milwaukee walimfukuza Adrian Griffin Januari 2024 akiwa na ushindi 30 na vipigo 13. Kwa asiyetazama ilikuwa wazimu. Aliyekuwa akitazama robo za tatu alishaona ulinzi umeporomoka na Giannis Antetokounmpo na Damian Lillard wanaibeba timu kwa kufunga tu. Sisemi walifanya vyema kumfukuza. Nasema rekodi ilikuwa imeficha jambo.

Ukitaka mpaka wa kushika, shika mechi ya ishirini, ambayo huangukia mwisho wa Novemba au mwanzo wa Desemba, kaskazi ikianza kushika. Kabla ya hapo andika tu, usiape. Wanaokuja kunitaka niwape timu ya kubeti, mie nauza mahamri.

Lakini mpaka huu usiupeleke kwenye BAL, ligi ya mabingwa wa Afrika iliyoanza Kigali mwaka 2021. Nairobi City Thunder walipoingia mwaka 2025, wa kwanza kutoka Kenya, kila timu ilikuwa na mechi sita tu za kundi. Hakuna Novemba ya kusubiri pale. Kocha mpya akikosea mbili za mwanzo, tayari anahesabu nani amfunge nani ili apone. Kwa hiyo kule jedwali la pointi tatu liache, asilimia ya mechi chache hivyo haikwambii lolote. Tazama watano wa dakika za mwisho tangu usiku wa kwanza, uone kama kocha ana orodha yake au bado anaitafuta.