Maji ya bwawa yakigeuka kijani kibichi

Zamisha mkono wima hadi kiwiko. Kiganja kikipotea machoni kabla maji hayajafika kiwiko, mwani umezidi, na hatari kubwa huja alfajiri: usiku mwani hautoi oksijeni, unaitumia, ndiyo maana samaki huonekana juu wakihema kabla ya jua kuchomoza.

Anza na chakula, maana hicho ndicho mbolea ya mwani. Lisha kiasi kinachoisha ndani ya dakika 5 hadi 10, na samadi usitie kabisa. Kisha toa robo ya maji, ukiyavuta kutoka chini penye tope, ujaze mapya. Rudia baada ya siku 3 au 4. Maji ya bomba yenye klorini yaondolewe klorini kwanza. Mwani wa nyuzi uvute kwa reki, uutupe mbali, mvua isiurudishe. Mimea ya kuelea ifunike nusu ya bwawa, isizidi.

Dawa ya mrututu (salfeti ya shaba)? Hapana. Mwani ukifa wote kwa mpigo huoza na kumaliza oksijeni, na kwenye maji laini (yenye chokaa kidogo) shaba yenyewe huua samaki.