Kutumia Mfuatano wa Picha Kama Chembe Katika After Effects

Anayetaka kurusha vipepeo mia mbili katika video yake hahitaji kuchora vipepeo mia mbili. Anahitaji kipepeo mmoja anayepiga mbawa, aliyehifadhiwa kama mfuatano wa picha, na mfumo wa chembe, yaani zana inayorusha vipande vidogo vingi kwa pamoja, utakaomzalisha mara nyingi kadiri itakiwavyo. Mwongozo huu unaeleza namna ya kufanya hivyo katika After Effects, programu ya Adobe ya kutengeneza michoro na athari za video, kwa kutumia Particular, programu-jalizi ya Red Giant ambayo sasa iko chini ya Maxon. Majina ya mipangilio nimeyaacha kama yanavyosomeka kwenye skrini, ili usipate shida kuyatafuta.

Anza na picha zenyewe. Zihifadhi katika muundo wa PNG wenye uwazi, uzipe namba zenye tarakimu sawa, kwa mfano kipepeo_0001 hadi kipepeo_0025, na upana wake usizidi pikseli mia tatu hivi, kwa kuwa kila chembe itaonekana ndogo na picha kubwa zitakula kumbukumbu ya kompyuta bure. Ikiwa mbawa zinapigwa kwa kujirudia, picha ya mwisho isiwe nakala ya picha ya kwanza. Zikifanana, kipepeo atasita kidogo kila mzunguko, na jicho hulinasa kosa hilo upesi.

Unapoziingiza, hakikisha umeweka alama kwenye kisanduku cha kuzisoma kama mfuatano, kisha fungua Interpret Footage, dirisha la namna faili inavyosomwa, ukague kasi ya fremu, yaani idadi ya picha kwa sekunde. After Effects isiporekebishwa huzisoma picha kwa fremu 30 kwa sekunde, ilhali kazi nyingi za televisheni za Tanzania na Kenya hutengenezwa kwa fremu 25. Hapohapo kagua pia namna uwazi unavyosomwa, kwa sababu ukiona ukingo mweusi kuzunguka mbawa, kosa liko hapo wala si kwenye mchoro.

Weka mfuatano huo ndani ya kompozisheni (eneo la kazi lenye muda na tabaka zake) ndogo ya peke yake yenye urefu uleule, kisha iingize kompozisheni hiyo katika kompozisheni kuu, ianzie sekunde sifuri, na uzime alama yake ya jicho ili isionekane yenyewe. Hatua hii isirukwe, maana kwa kawaida Particular husoma chanzo cha leya (tabaka la video) tu, na marekebisho ya rangi au vinyago (maumbo ya kukata sehemu ya picha) ulivyoviweka juu ya leya yenyewe havitaonekana kwenye chembe. Baada ya hapo tengeneza leya mpya ya Solid, yaani ya rangi moja, weka Particular juu yake, chagua Sprite, yaani picha bapa, kuwa aina ya chembe, na uitaje ile kompozisheni ndogo kuwa Texture, yaani picha ya chembe.

Sasa tumefika kwenye mpangilio unaoamua kama vipepeo watakuwa hai au la, nao ni Time Sampling, unaoamua kila chembe ionyeshe fremu ipi na wakati gani. Ukichagua Current Time, kila chembe itaonyesha fremu ileile kwa wakati uleule, na vipepeo wote watafunga na kufungua mbawa pamoja kama askari wa gwaride, hata ukibadilisha ukubwa na mwendo wao namna gani. Kwa vipepeo chagua Random - Loop, ili kila mmoja aanze na fremu yake kisha arudie bila kukoma. Random - Still Frame huchukua fremu moja na kuigandisha, jambo linalofaa majani makavu yenye maumbo tofauti.

Moshi hutaka hesabu nyingine, kwa kuwa una mwanzo na mwisho. Mfuatano wa fremu 60 kwa kasi ya 25 huchukua sekunde 2.4, hivyo ukitumia Start at Birth - Play Once, umri wa chembe, yaani muda inaoonekana, uwe sekunde 2.4 pia. Lakini ukishaupa umri huo tofauti za kubahatisha, hesabu huvunjika, na baadhi ya mawingu ya moshi hukatika kabla ya kutawanyika. Mimi hupendelea Start at Birth - Stretch, ambayo huunyoosha au kuufupisha mfuatano mzima uenee umri wa kila chembe.

Ukiwa na vipepeo wa aina tatu, wapange mmoja baada ya mwingine, kwa urefu sawa, ndani ya ile kompozisheni ndogo, chagua Split Clip - Loop, na uandike 3 kwenye Number of Clips, ili kila chembe ichukue aina mojawapo.

Sprite daima huielekea kamera. Ukitaka kipepeo ageuke kwa pande zote tatu, tumia aina ya chembe iitwayo Textured Polygon. Ili kichwa kifuate njia anayorukia, washa Orient to Motion, na kikielekea kusikofaa, zungusha mchoro ndani ya kompozisheni ndogo. Fanya majaribio haya yote ukiwa na chembe tano kwa sekunde, uzitazame kwa karibu moja moja, ndipo uongeze idadi.