Kusoma joto la prosesa inayopozwa kwa maji

Kwanza tenganisha halijoto mbili: ya prosesa ya kompyuta na ya maji yanayoipoza. Prosesa inaweza kuruka nyuzi 20 au 30 ndani ya sekunde moja ukifungua programu nzito, kisha ikashuka. Hiyo ni kawaida. Maji hupanda polepole, hata nusu saa kabla ya kutulia, kwa hiyo jaribio la dakika mbili halikuambii kitu.

Pima joto la chumba, endesha Cinebench (programu inayoibana prosesa kwa kazi nzito) dakika 30, soma HWiNFO (programu inayoonyesha vipimo vya joto). Maji yakizidi chumba kwa nyuzi 10 hadi 15, rejeta (sehemu yenye feni inayotoa joto la maji kwenda hewani) inafanya kazi. Chumba cha Mombasa chenye nyuzi 32 kitakupa maji ya 45 hivi, na hakuna feni itakayoyashusha chini ya 32.

Prosesa ya AMD, Ryzen 9 7950X, imeundwa ifike nyuzi 95 ikibanwa na kazi, usihangaike nayo. Core i9-14900K ya Intel hujipunguza kasi ikigusa 100.

Cha kuhofia ni prosesa kuchemka wakati maji ni baridi. Ama pampu imekufa (kasi ya mzunguko wake inasoma 0), ama bamba la shaba linalokaa juu ya prosesa halijagusa vizuri. Fungua uangalie kama plastiki ya kinga ilisahaulika pale chini. Hutokea kuliko watu wanavyokiri. Futa, paka upya grisi ya joto (inayopitisha joto kati ya prosesa na bamba), kaza skrubu kwa mshazari, kidogo kidogo.

Pampu iache kasi kamili. Feni zifuate joto la maji, la sivyo zitavuma na kunyamaza siku nzima. Ukisikia mapovu, hewa imenaswa kwenye pampu: rejeta iwe juu yake.